Koleo, Zebaki na Saruji: Habari za Jino Bovu katika Nchi ya Dhahabu

Dhahabu ya Mwakitolyo, katika Wilaya ya Shinyanga, haitoki katika jiwe kwa nguvu za mikono peke yake. Jiwe hupandishwa kutoka duarani, husagwa katika karasha mpaka likawa unga, na unga huo huoshwa kwa maji mwaloni. Mwisho wa kazi hiyo mchimbaji humimina zebaki kidogo katika karai, akaikoroga pamoja na mchanga mzito uliosalia. Zebaki huzikusanya chembe za dhahabu ambazo jicho haliwezi kuziona, ikawa donge laini la rangi ya fedha. Donge hilo hutiwa katika kitambaa na kukamuliwa kwa vidole mpaka zebaki ya ziada ikadondoka. Kisha huchomwa, zebaki ikapaa kama moshi, na dhahabu ikabaki. Hayo hujulikana kwa kila mtoto aliyekulia machimboni. Lililo geni kwa wengi ni kwamba kitendo kile kile, cha kukamua donge la zebaki katika kitambaa, kilikuwa kwa muda mrefu kazi ya kila siku ya tabibu wa meno katika miji ya Ulaya na Marekani. Yeye alikamua donge la zebaki na fedha, si la dhahabu. Na badala ya kulipeleka motoni, alilishindilia katika tundu la jino.

Jino lililoharibika lina njia mbili tu: ama litengenezwe libaki kinywani, ama liondolewe. Kila taifa limezipita njia hizo zote mbili, lakini si kwa kipimo kimoja. Katika nchi ya Wasukuma, na katika Tanzania karibu yote, njia ya kuondoa ilitangulia, ikapata watu wake na zana zake, ikawa ndiyo maana hasa ya neno tiba ya meno. Njia ya kutengeneza ilichelewa sana. Na ilipokuja kwa sura iliyofaa vijiji, haikuletwa kutoka ng'ambo. Ilizaliwa humu humu nchini. Hilo ni jambo ambalo halisemwi mara nyingi, na lastahili kusemwa kwa urefu.

Imani ya kale kuliko zote juu ya jino bovu ni ile ya mdudu. Watu wa Babeli waliandika habari za mdudu wa jino katika vigae vya udongo, na imani hiyo ilidumu Ulaya mpaka karne ya 18, Pierre Fauchard wa Paris alipoipinga katika kitabu chake cha mwaka 1728. Waswahili nao husema hata leo kwamba jino limeliwa na wadudu. Yamkini lugha haikukosea sana; kwa maana elimu ya sasa yasema kwamba vijidudu visivyoonekana kwa macho hula sukari iliyobaki kinywani, vikatoa asidi, na asidi hiyo huyeyusha gamba gumu la jino kidogo kidogo mpaka tundu likapatikana. Kosa la wazee lilikuwa katika ukubwa wa mdudu tu, na katika kudhani kwamba aweza kufukuzwa kwa moshi.

Dawa za mwituni hazikukosekana. Mzizi wa ndulele, ambayo watu wa pwani huiita tunguja, umetafunwa kwa maumivu ya jino katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki. Mnyaa, ambao ni ua la boma nyingi za Usukumani, una utomvu mweupe ambao umetumiwa na watu wengi kwa jino linalouma. Utomvu huo huunguza nyama, na ukiingia jichoni huweza kupofusha. Haielekei kwamba alibaki na ufizi mzima mtu aliyeutumia ovyo. Walakini dawa hizo zilikuwa na fadhila moja: zilimpa mgonjwa usingizi wa usiku mmoja, na kwa mwenye jino linalouma, usiku mmoja si kitu kidogo.

Maarifa ya kung'oa yana historia ndefu zaidi ya hospitali. Abu al-Qasim al-Zahrawi, tabibu wa Kordoba aliyefariki karibu na mwaka 1013, alichora katika kitabu chake kikubwa kiitwacho al-Tasrif zana za kukwangulia meno na za kung'olea, akaeleza matumizi yake moja moja. Aliwakemea vinyozi wajinga ambao huvuta kwa pupa, wakavunja jino na kuuacha mzizi ndani, au wakaondoka na kipande cha mfupa wa taya. Ushauri wake ulikuwa kwamba ufizi utenganishwe kwanza na jino, kisha jino litikiswe polepole mpaka lilegee. Ni huyo huyo aliyefundisha kuyafunga meno yaliyolegea kwa uzi mwembamba wa dhahabu. Miaka elfu moja imepita, na mwanafunzi wa leo anayefundishwa kung'oa huambiwa karibu maneno yale yale: jino halivutwi, hutikiswa.

Mambo mawili yaliongezwa katika karne ya 19. La kwanza ni umbo la koleo. Karibu na mwaka 1840 John Tomes wa London alitengenezesha makoleo ambayo kila moja lilifuata umbo la shingo ya jino lake, hata gego la juu likawa na koleo lake na la chini lake. Mpaka hapo mifupa mingi ilikuwa imevunjwa bure. La pili ni ganzi. William Morton alionyesha nguvu za etha mjini Boston mwaka 1846. Mwaka 1884 kokaini ilianza kudungwa karibu na mishipa ya fahamu. Prokaini ikafuata mwaka 1905. Na mwaka 1943 Nils Löfgren wa Uswidi akapata lidokaini, ambayo ndiyo iliyomo katika sindano ya ganzi ya hospitali nyingi za Tanzania hivi sasa. Kabla ya hapo ushujaa wa mgonjwa ulikuwa ni sehemu ya tiba.

Koleo ni chombo kisichodai mengi. Halihitaji umeme, wala bomba la maji, wala kiti cha kupanda na kushuka. Hutosha kuchemshwa, na hukaa miaka mingi. Kwa sababu hiyo liliingia bara mapema, pamoja na madawa ya misheni na ya serikali. Katika hospitali za namna ya Kolandoto, iliyowekwa karibu na mji wa Shinyanga na Africa Inland Mission mwanzoni mwa karne ya 20, na katika zahanati zilizofuata, jino halikuwa kazi ya mtaalamu wa meno, maana hakuwapo. Lilikuwa kazi ya yeyote aliyefundishwa kushika koleo. Madaktari wa meno wa enzi ya Waingereza walikuwa wachache na walikaa mijini, na watu waliowahudumia kwanza walikuwa maofisa na jamaa zao. Mkulima wa pamba wa Usukumani alijua jambo moja tu juu ya tiba ya meno: kwamba mtu huenda na jino akarudi bila jino.

Wala elimu juu ya meno ya watu wenyewe haikuwa nyingi. Mwaka 1960 Wilbert Chagula, Mtanganyika aliyefundisha elimu ya viungo vya mwili huko Makerere na ambaye baadaye aliongoza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichapisha utafiti juu ya umri ambao gego la mwisho huota kwa wanaume wa Afrika ya Mashariki. Alionyesha kwamba huota mapema kuliko vitabu vya Ulaya vilivyosema. Jambo hilo laonekana dogo; lakini gego la mwisho ndilo aghalabu huota likiwa limelala, likaumiza na kung'olewa, na mahakama zilikuwa zikikisia umri wa vijana kwa kulitazama hilo. Vitabu vilikuwa vimepimwa kwa vinywa vya watu wengine.

Kuziba jino kulikuwa na habari nyingine kabisa. Mwaka 1826 Auguste Taveau wa Paris alitangaza mchanganyiko wa zebaki na unga wa fedha uliotokana na sarafu. Ulikuwa mwepesi wa kushindilia, ukakauka ukawa mgumu, tena bei yake ilikuwa ndogo kuliko ya dhahabu, ambayo hadi hapo ndiyo iliyozibia meno ya matajiri. Ulipofika New York mwaka 1833 ulileta ugomvi mkubwa; chama cha madaktari wa meno cha Marekani kiliwataka wanachama wake waape kutoutumia, kisha kikavunjika kwa ajili ya ugomvi huo huo. Mwishoni mwa karne hiyo G. V. Black alipima kwa uangalifu uwiano wa madini yake, na tangu hapo amalgamu, ambayo karibu nusu ya uzito wake ni zebaki, ilitawala vinywa vya dunia kwa muda wa miaka mia moja.

Lakini amalgamu haikuja peke yake. Haishikamani na jino kwa asili yake. Hukaa kwa sababu tundu limechongwa likawa pana chini na jembamba juu, kama kisahani cha mtego. Uchongaji huo ni mgumu kwa mkono mtupu. Ulitaka keekee: kwanza ile ya kukanyaga kwa mguu aliyoipatia hati James Morrison mwaka 1871, kisha ya umeme, kisha ya upepo wa nguvu yenye maji ya kupoza. Kwa hiyo kuziba jino kulifungamana na mashine, mashine ikafungamana na umeme, na umeme ukafungamana na mji. Hapo ndipo njia ya kutengeneza ilipoachana na kijiji. Ilikuwa kawaida kusikia kwamba watu wa vijijini hupenda kung'oa kwa sababu hawajui thamani ya jino. Hayo hayakuwa kweli. Mtu hawezi kupenda au kukataa kitu ambacho hakijawekwa mbele yake.

Mwaka 1979 mafunzo ya shahada ya udaktari wa meno yalianza Muhimbili, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kabla ya hapo Mtanzania aliyetaka kuwa daktari wa meno hakuwa na budi kwenda nje ya nchi. Walimu wa shule hiyo changa walikuta jambo la kufadhaisha. Walifundisha ufundi wa keekee kwa vijana ambao wengi wao wangepelekwa mahali ambapo keekee ingesimama. Mashine zilizogawiwa ziliharibika, vipuri havikuja, umeme ulikatika; na miaka ya 1980 ilikuwa miaka ya dhiki ya fedha za kigeni, kama wakumbukavyo wote waliopanga foleni ya sukari.

Ni katika dhiki hiyo, katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken, Mholanzi aliyekuwa akifundisha katika shule hiyo ya Dar es Salaam, alipojaribu pamoja na wenzake kuziba meno bila mashine yoyote. Wazo lake lilikuwa jepesi. Sehemu ya jino iliyooza huwa laini. Kitu laini hakihitaji keekee, hukwanguliwa. Mlango wa tundu hupanuliwa kwa kijembe kidogo cha chuma ikiwa ni mwembamba. Uozo hutolewa kwa kijiko kidogo chenye makali, kuanzia pembeni kwenda katikati, na sehemu ngumu huachwa. Kwa kuwa kinachokatwa ni kile kilichokufa tayari, mgonjwa kwa kawaida hahitaji hata sindano. Kisha tundu huoshwa kwa asidi hafifu, hukaushwa kwa pamba, na saruji iliyokorogwa papo hapo kutokana na unga na maji yake hutiwa ndani na kushindiliwa kwa kidole kilichopakwa vaselini. Mgonjwa huambiwa asile kwa muda wa saa moja.

Siri ilikuwa katika saruji. Ile ya kwanza iliyotumiwa Tanzania ilikuwa ya polikaboksileti; baadaye ilichukuliwa ile ya glasi-ionoma, ambayo Alan Wilson na Brian Kent waliitangaza Uingereza mwaka 1972. Tofauti na amalgamu, hiyo hushikamana na jino lenyewe, basi hapana haja ya kuchonga mtego. Tena hutoa floridi kidogo kidogo, na floridi huimarisha kingo za tundu. Zebaki haimo kabisa. Majaribio makubwa yalifuata Thailand mwaka 1991 na Zimbabwe baada yake, na tarehe 7 Aprili 1994, katika Siku ya Afya Duniani, Shirika la Afya Duniani liliitambua njia hiyo na kuitangaza. Leo hutumiwa hata katika shule za nchi tajiri, kwa watoto wanaoogopa mlio wa keekee. Mwaka 2021 saruji hiyo iliingizwa na Shirika hilo katika orodha yake ya dawa za lazima.

Haifai kuisifu kupita kiasi. Katika tundu la upande mmoja wa jino la mtu mzima, tafiti zilizokusanywa pamoja zilionyesha kwamba vizibo kama 8 katika 10 vilikuwa bado vizima baada ya miaka 5, na hiyo ni sifa inayolingana na ya amalgamu. Lakini tundu likiwa limekula pande mbili, saruji huvunjika upesi, hasa katika meno ya watoto. Na jino ambalo uozo umefika katika kiini chake penye mishipa haliponi kwa saruji wala kwa amalgamu. Hilo lataka mzizi wake usafishwe na kuzibwa, kazi inayohitaji picha ya eksirei, muda na fedha. Au lataka koleo.

Na hapo ndipo penye uchungu wa habari hii, maana nchi iliyoupa ulimwengu ufundi huo bado hung'oa. Wanaofika katika vituo vya Tanzania kwa ajili ya meno wengi wao hutolewa jino, wala si kwa uvivu wa matabibu. Zahanati ya kijiji kwa kawaida haina tabibu wa meno. Yuko kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Saruji huisha, na chupa mpya haiji upesi. Zaidi ya yote, mgonjwa huja akiwa amechelewa. Mchimbaji wa Mwakitolyo hulipwa kwa mgawo wa mawe yaliyotoka. Siku asiyoshuka duarani ni siku asiyokuwa na fungu. Tundu dogo lisilouma haliwezi kumtoa kazini kwenda mjini Shinyanga. Humtoa pale tu usiku unapokuwa hauna usingizi, shavu limevimba, na dawa za maumivu za dukani zimekwisha nguvu. Wakati huo saruji haina kazi tena. Njia iliyobuniwa kwa ajili ya maskini yataka maskini aje kabla hajaumwa, na hilo ndilo jambo gumu kuliko yote kwa maskini.

Maisha ya machimbo nayo hayayasaidii meno. Vyakula vya zamani vya Wasukuma, mtama, uwele, kunde na maziwa, havikuwa na sukari nyingi, na tafiti za miaka ya 1980 zilikuta uozo mdogo wa meno Tanzania kuliko Ulaya. Machimboni soda na biskuti zauzwa mpaka mdomoni mwa duara. Kwa upande mwingine, Shinyanga ni miongoni mwa mikoa ambayo maji ya visima vyake vingi yana floridi kupita kiasi. Floridi kidogo ni mlinzi wa jino. Ikizidi utotoni, gamba hutoka na madoa ya kahawia na vishimo. Mtu mwenye madoa hayo hudhaniwa kuwa hapigi mswaki, naye pengine apiga kila asubuhi.

Kung'oa nako kukizoewa huzaa mambo yake. Katika miaka ya 1980 ilienea katika sehemu kadhaa za Tanzania imani kwamba homa na kuharisha kwa watoto wachanga huletwa na "meno ya nailoni" au "meno ya plastiki". Kilichoitwa hivyo ni chonge ambalo halijaota, laini na jeupe ndani ya ufizi. Likachimbuliwa kwa kisu, au kwa waya wa baiskeli ulionolewa, katika kinywa cha mtoto asiye na jino bovu hata moja. Wako waliokufa kwa damu na kwa uchafu wa chuma hicho. Wazazi hawakuwa wakatili. Walikuwa na mtoto mgonjwa, na walikuwa wameona maisha yao yote kwamba dawa ya kinywa ni kuondoa kitu.

Kuhusu zebaki, haki yataka itengwe ile ya jinoni na ile ya karaini. Ile ya jinoni imefungwa pamoja na fedha, bati na shaba, na kiasi kinachotoka humo ni kidogo mno. Ile ya karaini hufunguliwa kwa moto, ikaingia pumzini mwa anayechoma na mwa mtoto aliyeketi karibu. Madaktari wa zamani waliotibu kaswende kwa zebaki waliijua vizuri dalili ya kuzidi kwake: mate hujaa, ufizi huvimba, na meno hulegea yakatoka. Kwa hiyo mchimbaji aweza kupoteza jino kwa madini yale yale ambayo mwingine alizibiwa nayo. Masazumi Harada, daktari wa Japani aliyewachunguza wagonjwa wa Minamata, alikuja na wenzake kupima nywele za wachimbaji na wavuvi wa upande wa Ziwa Viktoria, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1999.

Mkataba wenye jina la mji huo wa Minamata ulitiwa sahihi mwaka 2013, ukaanza kazi mwaka 2017, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Mwaka 2022 nchi wanachama zilikubaliana kwamba amalgamu isitumiwe kwa watoto wa chini ya miaka 15 wala kwa wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa tabibu aone lazima. Na katika mkutano wa Geneva wa Novemba 2025 zikauweka mwaka 2034 kuwa mwisho wake. Kwa zebaki ya machimboni hapana mwaka uliowekwa. Nchi zimetakiwa kuipunguza, na inapowezekana kuikomesha. Yaelekea basi jino litaachana na zebaki kabla ya dhahabu.

Kwa hospitali za mijini badiliko hilo ni jepesi, kwa kuwa zina vizibo vingine vya rangi ya jino na mashine za kuvikausha kwa mwanga. Kwa kituo cha afya kinachowahudumia watu wa machimbo, kitakachobaki katika kabati ni saruji ya ule ufundi uliojaribiwa Dar es Salaam miaka kama 40 iliyopita, na koleo. Koleo halina tarehe ya kuharibika wala halihitaji kuagizwa upya kila mwaka. Saruji yahitaji.